BAJETI YA MANISPAA ISIPANGWE WANANCHI WAKIWA SHAMBANI

Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai na kumalizika tarehe 30 Juni. Kila mtumishi wa umma analijua hilo, kwa kuwa kazi yake, safari zake na hata karatasi za ofisi yake huufuata mwaka huo. Lakini mkulima wa Mtamaa, wa Mungumaji au wa Unyambwa, ambaye ni mkazi halali wa Manispaa ya Singida ingawa riziki yake hutoka katika jembe, ana mwaka mwingine kabisa. Mwaka wake huanza mvua za kwanza zinaponyesha mwishoni mwa Novemba au katika Desemba, nao humalizika alizeti na mtama vinapokwisha kupurwa na kutiwa magunia, kiasi cha Mei na Juni. Miaka hiyo miwili huishi pamoja katika mji mmoja bila ya mtu kujishughulisha kuipatanisha, na hasara ya jambo hilo humwangukia mwananchi.

Hasara yenyewe ni hii. Bajeti ya halmashauri yoyote nchini, ya mji au ya wilaya, hupangwa kwa kupanda ngazi. Mahitaji hutakiwa yaanzie katika mkutano wa wakazi wa mtaa, au mkutano mkuu wa kijiji kwa upande wa wilaya. Hutoka hapo yakaenda kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo Mwenyekiti wake ni Diwani na Katibu wake ni Mtendaji wa Kata. Yakishapita kwenye kata, huingia mikononi mwa wakuu wa idara wa halmashauri, kisha kamati za kudumu, kisha Baraza la Madiwani, kisha Kamati ya Ushauri ya Mkoa, na mwisho TAMISEMI, Hazina na Bunge, ambalo hukaa kuanzia Aprili mpaka mwisho wa Juni. Ili yote hayo yawahi, Baraza la Madiwani halina budi kupitisha makisio yake mwanzoni mwa mwaka, kiasi cha Januari na Februari. Kwa hiyo ngazi ya chini kabisa, ile ya mtaa, kwa kawaida huitwa kutoa mawazo yake katika miezi ya mwisho wa mwaka. Na Singida ni mkoa wa msimu mmoja tu wa mvua. Aliyechelewa kupanda Desemba hana masika ya pili ya kumwokoa.

Mkutano ukiitishwa asubuhi ya siku ya kazi katika majuma ya kupanda, ni rahisi kumtabiri atakayehudhuria. Watakuja wazee wachache, wajumbe wa kamati ya mtaa ambao hawana njia ya kukwepa, na vijana wawili watatu waliokuwa wakipita. Akina mama, ambao ndio wachotaji wa maji na ndio wanaojua zahanati inakosa nini, watakuwa shambani na watoto mgongoni. Wenye vibanda vya Soko la Vitunguu la Misuna watakuwa kazini, na vijana wa bodaboda na bajaji watakuwa barabarani. Akidi haitimii. Mtendaji, ambaye naye anadaiwa muhtasari na ofisi iliyo juu yake, huchukua orodha ya mwaka uliopita, akaongeza jambo moja au mawili, akatia mhuri. Mwezi Februari Baraza huelezwa kwamba wananchi wameshirikishwa, na karatasi ipo ya kuthibitisha hivyo.

Huo ndio umangimeza uliopigiwa kelele kwa miaka mingi, ila sasa umevaa nguo za ushirikishwaji. Hauna ubaya wa makusudi. Mtendaji huyo mara nyingi ni kijana mwenye nia njema, hana usafiri, na ana kazi nyingine kumi mezani. Lakini matokeo hayabadiliki kwa sababu ya nia njema: mpango unaosemwa kuwa ni wa wananchi umeandikwa bila ya wao.

Sheria haina kosa katika jambo hili. Katiba ya mwaka 1977, katika Ibara ya 8, inawafanya wananchi kuwa chimbuko la mamlaka yote na inawapa haki ya kushiriki katika shughuli za Serikali yao. Na Ibara ya 145 na ya 146 zinaziweka Serikali za Mitaa kwa madhumuni ya kuwapelekea wananchi madaraka. Sheria za mwaka 1982, yaani Namba 7 ya mamlaka za wilaya, Namba 8 ya mamlaka za miji na Namba 9 ya fedha za Serikali za Mitaa, zimeonyesha vikao, viongozi na mipaka yao. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 kumekuwapo pia utaratibu wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, ambao unawataka wakazi wakae wenyewe, wahesabu walicho nacho na kinachowazuia, na kutoka hapo wapange. Vyombo vipo. Kinachokosekana ni saa na msimu wa kuvitumia.

Inafaa kukumbushana pia kwamba nchi hii imekwisha kuonja gharama ya kupanga bila ya wenyeji. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulikemea viongozi wenye majivuno, na ulieleza wazi kuwa maendeleo ya watu hayana budi kufikiriwa, kupangwa na kutekelezwa na watu wenyewe. Mwaka uliofuata, 1972, ulikuja mpango wa Madaraka Mikoani, ambao michoro yake ilitengenezwa kwa ushauri wa kampuni ya Kimarekani ya McKinsey. Nia yake ilikuwa kuwasogezea wananchi Serikali. Lakini katika kuutekeleza, halmashauri zilizochaguliwa zilifutwa, za wilaya kwanza na za miji baadaye, na madaraka yaliyotoka Dar es Salaam yaliishia kwa maofisa wa mikoa na wilaya. Miji ndiyo iliyoumia upesi. Takataka zilikosa mwenyewe, mifereji iliziba, na kipindupindu kikaingia mwishoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 1978 halmashauri za miji zilirudishwa, na mwaka 1984, baada ya sheria zilizotajwa hapo juu, Serikali za Mitaa zilirejea nchi nzima. Funzo hilo lilinunuliwa kwa fedha na kwa afya za watu, na wengi wa watumishi wa leo hawakuwapo lilipolipiwa.

Hata hivyo, mkutano wa mtaa ukijaa watu hadi wengine wakasimama nje, bado unaweza kuwa wa bure kwa sababu ya pili: watu huomba kitu kwa asiyekuwa nacho. Waulizwe wakazi wa mtaa wowote wa Singida wanataka nini, na wengi watataja barabara na maji. Sasa, tangu mwaka 2017 barabara za mijini na vijijini ziko chini ya TARURA, na maji ya mjini ni kazi ya Mamlaka ya Majisafi, SUWASA. Maombi hayo yakifika Manispaa, yanajibiwa kwamba hayahusiani na kasma zake, na jibu hilo ni la kweli. Lakini mwananchi aliyekaa saa tatu juani hakuelezwa hivyo siku ya mkutano. Anachokumbuka ni kwamba aliomba mwaka juzi, akaomba mwaka jana, na hajaona kitu. Mwaka wa tatu haji. Je, nani wa kulaumiwa hapo? Mkutano wa kupanga unaofanyika bila ya ofisa wa TARURA na wa mamlaka ya maji kuwapo, au walau bila ya barua zao kusomwa, unawadanganya watu kwa kukaa kimya.

Sababu ya tatu ndiyo nzito kuliko zote, nayo ni kwamba safari ya bajeti ni ya kupanda tu, haina kushuka. Kata zote za Manispaa huleta mahitaji yake. Kisha huja ukomo wa bajeti kutoka Hazina, yaani kiasi ambacho halmashauri haiwezi kukipita, na mahitaji hayo hukatwa ili yaingie ndani ya ukomo. Kukata ni lazima. Hakuna serikali duniani iliyo na fedha za kutosheleza kila ombi. Lakini je, nani aliyerudi Mandewa au Mwankoko mwezi wa Julai kuwaambia watu kwamba katika mambo matano mliyoyaomba, moja limepita, mawili yamepelekwa mwaka ujao, na mawili yamekataliwa kwa sababu hii na hii? Wakuu wa idara wanajua kilichokatwa. Madiwani wanajua, au wanapaswa kujua. Mfumo wa kompyuta wa PlanRep unajua mpaka senti ya mwisho. Mwenye ombi peke yake ndiye asiyejua.

Walimu wataielewa hali hiyo kuliko wengine, kwa kuwa wamo ndani yake. Wakazi huchangishwa, huchimba msingi, husomba mchanga na mawe, ambayo Singida ina neema nayo, na kuta za darasa hufika usawa wa linta. Hapo huachwa zikisubiri bati na nguvu ya Serikali. Ikiwa boma hilo halikuandikwa katika mpango wa mtaa, wa kata na wa halmashauri kabla ya jembe la kwanza kupiga chini, hakuna kasma inayolingoja. Mvua mbili tatu zikipita, tofali za udongo huanza kumeguka. Mzazi aliyetoa mchango wake kwa kuuza debe la alizeti hupita kila siku mbele ya kuta hizo. Akiambiwa tena habari za kujitegemea ataitikia kwa adabu, na hatatoa kitu.

Upo mfano ulio kinyume chake. Mwishoni mwa mwaka 2021 Serikali ilipopeleka fedha za mpango wa UVIKO-19, kiasi cha shilingi trilioni 1.3, na kujenga madarasa 15,000 nchini, kazi ilifanywa kwa mafundi wa mahali penyewe, na kamati za wakazi zilihusika katika ununuzi, mapokezi ya vifaa na ujenzi. Watu wa kawaida waliokuwa hawajapata kuona hati ya mapokezi walihesabu mifuko ya saruji na kutia sahihi. Kasoro hazikukosekana. Lakini baada ya hapo ni vigumu kwa mtu yeyote kusimama na kudai kwamba mambo ya fedha ni magumu mno kwa mkazi asiye na shahada.

Tena shule na zahanati ni mlango wa bajeti ulio karibu kuliko wanavyodhani wengi. Fedha nyingi za vituo hivyo siku hizi hupelekwa moja kwa moja katika akaunti za vituo vyenyewe, na kila kituo huandika mpango wake unaoingizwa katika makisio ya halmashauri. Mwalimu Mkuu ni Katibu wa Kamati ya Shule. Mpango huo ukiandikwa na Mwalimu Mkuu na mhasibu usiku mmoja, umepotea. Ukiandikwa mbele ya wazazi, huku kila mmoja akijua ruzuku ya mwanafunzi ni kiasi gani na choo kinagharimu kiasi gani, tayari bajeti ya umma imejadiliwa na wananchi, na hakuna posho ya safari iliyolipwa.

Bajeti ina upande wa mapato pia, na upande huo haupewi nafasi katika mikutano. Ushuru wa soko, ada za stendi, leseni za biashara na ushuru wa mazao ni fedha zinazotoka mifukoni mwa watu wa Singida wenyewe. Mwaka 2017 Bunge liliushusha ushuru wa mazao kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula. Mkulima alipata nafuu na halmashauri za mikoa ya kilimo zikapungukiwa. Mkazi anayedai zahanati anastahili kuelezwa mambo hayo mawili kwa pamoja. Anayelipa ushuru pale Misuna bila ya kudai stakabadhi ya mashine anaipunguza mwenyewe bajeti anayoilalamikia. Na asilimia 10 ya mapato ya ndani, inayotengwa kwa mikopo ya vikundi, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024 baada ya taratibu kuangaliwa upya. Miongoni mwa mambo yaliyolalamikiwa ni mikopo kutolewa bila ya kurejeshwa. Orodha ya vikundi ikisomwa hadharani mtaani, majirani watajua mara moja ni kikundi kipi kina mizinga ya nyuki na ni kipi kina jina tu.

Mbali na hapa, mji wa Porto Alegre nchini Brazil ulianza mwaka 1989 kuwakutanisha wakazi wa vitongoji vyake ili wapange sehemu ya fedha za ujenzi za mji, na habari zake zilienea duniani kote. Wengi walioiga waliiga upigaji wa kura. Lililostahili kuigwa zaidi ni mpangilio wa mwaka wao: duru ya mikutano ilianza kwa halmashauri ya mji kutoa hesabu ya kazi za mwaka uliotangulia, ipi imekwisha, ipi imekwama na kwa nini, ndipo wakazi wakataja mahitaji mapya. Mpango wenyewe ulikuja kudhoofika viongozi walipobadilika, nalo hilo lina somo lake. Lakini kanuni ya kutanguliza hesabu kabla ya maombi haikuzeeka.

Kwa hiyo Manispaa ya Singida, pamoja na halmashauri nyingine za mkoa huu, Iramba, Mkalama, Manyoni, Itigi, Ikungi na Singida Wilaya, zingefanya jambo la maana sana kama zingeihamisha mikutano ya kupanga kutoka majira ya kupanda na kuileta katika Julai, Agosti na Septemba. Katika miezi hiyo mavuno yamo ghalani, njia ni kavu, fedha ya alizeti ipo mkononi, na watu wana nafasi ya kukaa na kubishana. Ni miezi ambayo, tangu zamani, shughuli kubwa za jamii hufanyiwa. Na kwa bahati njema ndiyo mianzo ya mwaka wa fedha, wakati ambao bajeti iliyopitishwa na Bunge ni mpya na ya mwaka uliokwisha imefungwa.

Yatakuwapo mapingamizi. Ofisa Mipango atasema kwamba mwongozo wa bajeti na ukomo wake havijatoka mwezi Agosti, na kwamba haiwezekani kupanga bila ya kujua kiasi. Ni hoja ya haki, lakini haitoshi. Wakazi hawaombwi kupanga shilingi. Wanaombwa kusema lipi litangulie na lipi lifuate. Choo cha shule hakingoji mwongozo ili kijulikane kuwa ni cha lazima kuliko ukuta wa ofisi. Orodha iliyopangwa kwa uzito mwezi Agosti inaweza kukaa kwa Mtendaji wa Kata mpaka ukomo utakapofika, na wakati wa kukata utakapowadia, panga litaanzia chini ya orodha na si pale atakapopenda mwenye kalamu. Hakuna sheria inayomzuia Mkurugenzi kukusanya vipaumbele mapema.

Saa nayo itazamwe. Mkutano wa saa nne asubuhi ni mkutano wa wastaafu. Katika mitaa ya katikati ya mji, kama Ipembe, Majengo na Utemini, watu wanapatikana jioni au Jumapili baada ya ibada. Katika kata za pembeni wanapatikana alasiri. Akina mama waulizwe wenyewe saa inayowafaa, maana wao ndio hupangiwa kila kitu.

Lipo jambo moja lililobaki, nalo haliwafurahishi wasomaji wa ukurasa huu. Katika mtaa wowote wa Singida wanaishi walimu, wauguzi, makarani na maofisa wa idara mbalimbali. Hao ndio wanaoweza kusoma jedwali la makisio na kulieleza kwa lugha ya nyumbani. Lakini mkutano wa mtaa ukiitishwa, wengi wao hawaonekani. Hudhani kwamba ni shughuli ya wenyeji, na kwamba wao ni watu wa uhamisho ambao kesho watakuwa Kigoma au Lindi. Wakati huohuo wao hununua katika soko lile lile, watoto wao husoma katika shule ile ile, na hulipa kodi ya jengo kupitia umeme wa LUKU kama jirani yeyote. Mwalimu mmoja wa hesabu aliyekaa nyuma katika mkutano na kuuliza kwa upole, "Ndugu Mwenyekiti, hizi za mwaka jana zilitumikaje?" atakuwa ameufanyia mtaa wake kazi kubwa kuliko warsha tatu za hotelini.

Basi kazi ya kuanzia ni ndogo na haina gharama. Bunge likishapitisha bajeti na mwezi wa Juni ukaisha, Manispaa iandike kwa kila mtaa karatasi moja, ya Kiswahili chepesi, isiyo na namba za vifungu. Upande mmoja uonyeshe mtaa uliomba nini na kila ombi limejibiwaje: limepita, limeahirishwa, limekataliwa, au limepelekwa TARURA au SUWASA, na tarehe ya kupelekwa. Upande wa pili uonyeshe fedha zilizokusanywa katika kata hiyo na zilizotumika humo mwaka uliotangulia. Karatasi hiyo ibandikwe katika ubao wa ofisi ya mtaa, shuleni na kwenye zahanati kabla ya tarehe 31 Julai, na Mtendaji aisome kwa sauti katika mkutano wa kwanza wa Agosti, Diwani akiwa amekaa mbele. Vikao vya Baraza la Madiwani viko wazi kwa wananchi. Ubao ukifika Agosti ukiwa mtupu, watu wa mtaa huo wanajua mahali pa kwenda kuuliza.